Kisanduku Kisicho na Jina

Tochio, Niigata
4 Desemba

Kwa kaka yangu Kunihiko,

Salamu zikufikie huko Kagoshima, wewe na wifi Yasuko na watoto wote. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba ule mlima wenu wa volkano umeacha kuwamwagia majivu nguo zikiwa kambani. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na habari za mgongo utazipata humu humu. Theluji ya kwanza ilianguka juzi. Mama hajambo kwa umri wake. Anakula vizuri, ingawa analalamika kwamba supu ya hiyo nyumba ya wazee haina ladha, na mimi niliyepikia watoto wa shule miaka thelathini na moja nimeionja nikaona hasingizii.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu wewe una sentensi moja tu: "Amua wewe, Chizu, wewe ndiye uliye karibu." Ukishaisema unaniuliza hali ya hewa. Barua haina mahali pa kuniuliza hali ya hewa. Kwa hiyo keti, soma yote, na usiruke mistari, maana jambo lenyewe liko mbele na mimi siwezi kulifikia ila kwa hatua.

Unajua mama alikubali kuhama mwezi wa Agosti. Paa la nyumba yetu haliwezi tena kubeba theluji, na mimi sina tena nguvu ya kulipanda na koleo. Mama akapata chumba kimoja kwa wazee, mimi nikapata vyumba viwili nyuma ya posta, na nyumba yenyewe itavunjwa theluji ikiyeyuka. Hayo tuliyazungumza. Ambalo hatukulizungumza ni nani ataitoa miaka sitini ya vitu humo ndani, na nadhani hukuuliza kwa sababu jibu ulilijua.

Jioni ya siku niliyoleta mifuko ya kwanza ya taka, mama aliniita sebuleni akaniambia kwamba hataki ugomvi. Vitu vyote, alisema, nivipeleke nitakako, nigawe, nitupe, yeye hatauliza hata kijiko. Anataka kimoja tu. Anataka nimtafutie kisanduku cha Sanae. Wewe na mimi tumekua tukijua kwamba tulikuwa na dada mkubwa aliyeishi siku kumi na tisa, tena tumekua tukijua kwamba hatajwi. Mimi sikujua kwamba mama alikihifadhi kitovu chake kilichokauka kama alivyohifadhi vyetu. Aliniambia ni kisanduku cha mbao nyepesi, kama cha viberiti, hakina jina juu yake kwa sababu bibi alikataza jina lisiandikwe, akidai mtoto wa siku hizo chache hajawa wa ukoo. Mama alikificha bibi asikione. Alikificha vizuri mno, akasema, sasa kichwa chake kimechoka na hakumbuki ni wapi.

Nikamwuliza anakitakia nini. Akanijibu kana kwamba nimeuliza maji yanachemshwaje: "Cha kuingia nacho jenezani, mwanangu. Nitakapofika huko nitamjuaje? Nilimwona siku kumi na tisa, na vichanga wote sura moja. Nikiwa nacho mkononi, yeye atakuja." Nilimwahidi nitakipata. Nyumba nzima nitaipekua kwa mkono wangu, nilisema, kipande kwa kipande, na nilikuwa na maana hiyo.

Kaka, hujui tulichokuwa tunalalia. Kabati la juu peke yake lilitoa magodoro ya wageni kumi na wawili. Wageni kumi na wawili! Mara ya mwisho nyumba ile kupata wageni zaidi ya wanne ilikuwa matanga ya baba. Kulikuwa na taulo za zawadi za harusi za watu waliokwisha kuachana, bado zimo ndani ya maboksi yake. Kulikuwa na dubu wa mbao mwenye samaki mdomoni, yule aliyenunuliwa na baba huko Hokkaido, na nyuma yake dubu wa pili, mdogo, ambaye hakuna anayejua alitoka wapi. Nilipekua kila boksi nikitafuta kisanduku, ndipo nikalitenga. Mgongo ndipo ulipokufa hapo.

Nilidhani kugawa ni kazi rahisi. Mkono unaotoa ndio unaopata, walitufundisha, lakini hawakutuambia cha kufanya ikiwa hakuna mkono unaotaka kupokea. Niliwapigia simu wanao niwape kimono za mama, hariri tupu, na binti yako Mio akaniambia kwa adabu, "Shangazi, kwangu hakuna hata pa kutundika taulo." Nilimwita Bwana Igarashi wa vitu vya mitumba. Alizunguka nyumba akiwa ameweka mikono nyuma kama daktari, akasema, "Dada, zamani ningenunua. Baadaye nikawa nachukua bure. Siku hizi mtu akinipa bure namwambia aongeze na chai." Akanywa chai, akachukua dubu mkubwa, dubu mdogo akaniachia.

Nikaweka vyombo nje ya geti, sahani na bakuli za watu ishirini, na karatasi: Chukua upendacho, tafadhali. Asubuhi nilitoka nikitumaini vimepungua. Vilikuwa vimeongezeka. Mtu alikuwa amekuja gizani akaongeza seti yake ya chai na jiko la kuchomea samaki. Bi Hatano wa jirani, ambaye hajawahi kukosa lolote linalotokea mtaani, alicheka hadi akashika ukuta. Akasema, "Chizuru, hapo umefungua hekalu, watu wameleta sadaka." Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo jikoni, bila sababu ya maana.

Na mama naye, pamoja na ahadi yake ya kutouliza hata kijiko, kila asubuhi ya taka alikuwa akiamka kabla yangu na kufungua mifuko. Ijumaa moja nilimkuta amepiga magoti penye vumbi, amekwisha kuokoa vifuniko saba vya sufuria ambazo hazipo tena. Nilimfokea. Nakuambia ili ujue, nilimfokea mama yetu mwenye miaka themanini na saba kwa ajili ya vifuniko. Akaniambia hakuwa akitafuta vifuniko, alikuwa akiangalia kama Sanae hakuingia humo kwa bahati mbaya. Nikamwinua, nikamfuta magoti. Kuanzia hapo nilikuwa nafungua mifuko mbele yake kabla ya kuifunga.

Katika kupekua huko, mwezi wa Septemba, nilikipata kisanduku, lakini si chenyewe. Kilikuwa kwenye droo ya kati ya meza ya kioo ya mama, ile ya kujipambia, na juu yake maandishi ya baba: Chizuru, binti wa pili, na tarehe yangu. Wewe chako ulipewa siku ya harusi yako, na wifi Yasuko aliwahi kuniambia kimo kwenye droo ya soksi zako. Changu kilipaswa kutolewa siku yangu. Sikuolewa, basi kikakaa. Nilikifungua, nikaona kile kipande cheusi kilichojikunja, nikafunga, nikakirudisha mahali pake. Nilijiambia mama atanipa akitaka.

Sasa nafika kwa wanasesere.

Unawakumbuka. Mfalme na malkia na watumishi wao, ngazi saba za kitambaa chekundu, na vile vyombo vyao vidogo vya harusi, makasha na madroo yasiyozidi kiganja. Kila mwaka Sikukuu ya Wasichana ya mwanzoni mwa Machi ilipopita, nyumba zote za mtaa huu ziliwafungia wanasesere wao kesho yake, kwa sababu msichana ambaye wanasesere wake wanachelewa kurudi kabatini naye atachelewa kuolewa. Mama aliwaacha. Wiki mbili, tatu, mwaka mmoja hadi Aprili. Bibi alimkaripia, shangazi wakamkaripia, naye akisema ndiyo, kesho. Unakumbuka wavulana wa darasa lako walivyoniimbia njiani. Nilipofika miaka thelathini Bi Hatano aliniambia usoni, kwa huruma, kwamba kosa si langu, kosa ni la mama yangu na uvivu wake. Nilimjibu kwamba hayo ni ushirikina. Lakini nilipokuwa nikirudi kutoka jikoni mwa shule na kupita pale sebuleni mwezi wa Machi, wakinitazama kwa vile vijicho vyao, nilikuwa nawachukia kama watu.

Mama aliniambia wanasesere niwaache mwisho kabisa. Hakusema kwa nini. Lakini hekalu la kule juu hufanya ibada ya kuwaaga wanasesere mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya pili ya Oktoba, na kuhama kulikuwa tarehe ishirini na nane. Baada ya hapo wangeenda na taka za kuchomwa, na hilo hata mimi singeweza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ijumaa kabla ya ibada, mama alipokuwa ameenda kwenye kituo cha wazee cha kuoga na mazoezi, niliwashusha. Kila mmoja alikuwa amefungwa na mama kwa karatasi laini. Sikufungua hata karatasi moja. Mimi niliyefungua kila boksi la taulo, mimi niliyetikisa kila kitabu cha baba, sikutaka kuziona zile sura. Nikawapeleka na vyombo vyao vyote kwa gari la Bi Hatano. Jumapili watawa waliwasomea, wakawachoma, moshi ukapanda, na mimi nikasimama pale nyuma nikajisikia mwepesi. Nilinunua tofu nene ya soya iliyokaangwa njiani nikala barabarani kama mtoto.

Tarehe ishirini na saba, siku moja kabla ya kuhama, vijana wa Bwana Igarashi walikuwa wametoa kabati la mwisho. Mama akapita, akatazama ukuta pale palipokuwa na kabati. Akauliza wanasesere wako wapi. Nikamwambia nimewapeleka hekaluni, wamesomewa vizuri. Hakupiga kelele. Aliketi chini palepale, na jambo lililokataa kurudi kichwani mwake tangu Agosti likarudi lote kwa mara moja. Alisema kisanduku cha Sanae kilikuwa ndani ya kasha la bibi harusi, lile jeusi lenye maua ya dhahabu, la wanasesere.

Akanieleza, Kaka, kwa sauti ya chini. Wanasesere wale hawakununuliwa kwa ajili yangu. Babu mzaa mama aliwaagiza Sanae alipozaliwa, Januari, kwa ajili ya sikukuu yake ya kwanza. Sanae alikufa Februari. Wanasesere wakafika baada yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwarudisha. Basi mama akamweka Sanae humo, mahali ambapo bibi hangegusa. Kila Machi alikuwa akimtoa na kumwona. "Nilikuwa siwezi kumfungia gizani upesi," aliniambia. "Kila mwaka najiambia kesho. Nikakuharibia wewe bahati yako. Nisamehe, Chizu."

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga barafu, kama nililifungua lile kasha kabla ya kulipeleka.

Nikasema ndiyo. Ulimi ulijibu kabla yangu. Nikasema nilifungua madroo yote, nikakikuta kisanduku, kiko chumbani kwangu, nilitaka kumpa kesho akishafika kwenye chumba chake kipya. Mama akaunganisha viganja vyake na kuinamisha kichwa, akanishukuru mimi. Jioni hiyo nikakupigia simu nikakuambia kimepatikana. Ukasema, "Afadhali," nikakusikia unavuta pumzi, nikakata kabla hujaniuliza hali ya hewa.

Kaka, nilikudanganya. Nilikuwa nimetoka hekaluni muda huohuo. Mtawa kijana alinionyesha shimo. Majivu ya Oktoba yalikwisha kuzikwa, akasema, na juu yake walikwisha kupanda miche. Niliyemtafuta kwa miezi miwili nilikuwa nimemchoma kwa mkono wangu, kisha nikala tofu.

Nilirudi nyumbani, nikaenda kwenye meza ya kioo ya mama, droo ya kati. Nikachukua kisanduku changu. Mbao ni ileile, ukubwa uleule. Nilitafuta msasa nilioutumia kusugulia ubao wa jikoni, nikakaa sakafuni kwenye nyumba tupu, nikasugua. Jina langu kwanza, kisha maneno binti wa pili, kisha tarehe, na mwisho mwandiko wa baba ukawa umekwisha wote. Vumbi lake nilipuliza. Asubuhi nikampa mama kisanduku kisicho na jina. Akakifungua, akatazama kile kipande cheusi, akakipakata kifuani, akasema, "Karibu nyumbani."

Nilidhani ningeweza kuishi na hilo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini nilihesabu kwamba yangu inahitaji kufika hadi kwenye jeneza la mama tu, na mama hana safari ndefu.

Sikufika mbali. Wiki mbili baadaye nilimkuta amevaa kimono yake ya kijivu, ile niliyomwachia, amechanwa nywele. Akaniambia nimletee droo ya kati ya meza yake ya kioo. Kuna kitu changu humo, alisema. Alikuwa akikingoja siku ya harusi yangu, lakini mimi nina miaka hamsini na minane, yeye themanini na saba, na hakuna tena wa kumngoja mwenzake. Alitaka kunipa kwa mikono yake miwili kama alivyokupa wewe. Nilimletea droo, Kaka. Ningefanya nini? Tuliitazama wote wawili. Kulikuwa na pini za nywele na ufunguo mmoja.

Tangu siku hiyo anakitafuta. Anaamini alikitupa mwenyewe, asubuhi zile alipokuwa akifungua mifuko ya taka kumtafuta Sanae. Wahudumu wameniambia wamemkuta mara mbili chini ya kitanda kwa magoti. Kila Jumapili nikiingia ananiomba radhi kabla hata sijavua koti. Analia, kaka yangu. Ananiambia amekuwa mama wa ajabu, ameshika cha mtoto aliyekufa akapoteza cha mtoto aliyemlea. Mimi namwambia haidhuru mama, ni kitu kidogo. Na kinachotafutwa kiko palepale, chini ya mto wake.

Nikimwambia ukweli, anarudishiwa mimi na kupokonywa Sanae, kwa mara ya pili, na safari hii anayempokonya ni mimi. Nikinyamaza, atakufa akiamini alinitupa. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Bwana Igarashi hawezi kuja kulichukua, na siwezi kuliweka nje ya geti.

Jumapili iliyopita alikuwa mtulivu kidogo. Alinishika mkono, akanitazama muda mrefu, akasema nisisikitike sana kuhusu changu. "Wewe sihitaji kitu cha kukutambua," akaniambia. "Nimekuona miaka hamsini na minane. Hata ukija umezeeka kuliko mimi nitasema huyu ni Chizu wangu. Ni Sanae tu nisiyemjua." Akaingiza mkono chini ya mto, akakitoa kisanduku, akanipa nikishike kidogo. Mbao ina joto la kichwa chake. Pale nilipopasugua pamekuwa laini, na yeye kwa kidole chake amekuwa akipapasa hapo hapo kila siku. Nikamrudishia. Nikasema ndiyo, mama.

Utakuja Mwaka Mpya, umesema. Mama atakuomba umsaidie kutafuta, kwa kuwa wewe una miwani mizuri. Nakuomba utafute naye. Inama chini ya kitanda hata kama goti linauma, fungua kila droo, na usinitazame. Siku ile ikifika, kile cha chini ya mto mwekee mkononi. Ni hilo tu ninalokuomba, na safari hii usiniambie niamue mimi.

Nisalimie wifi Yasuko, mwambie viazi vitamu alivyotuma vilifika vizuri na mama alikula vitatu. Wabusu wajukuu wote. Mwambie Mio simlaumu kwa kimono, hatimaye zilichukuliwa na mwalimu mmoja wa shule ya chekechea anayezikata kuwa nguo za michezo ya kuigiza. Dubu mdogo ninaye bado, yuko dirishani kwangu. Vaa vizuri, usipatwe na baridi.

Ni mimi mdogo wako,

Chizuru